Chema Hujiuza Kikionekana: Somo la Kupata Wateja Wapya wa Kazi ya Kutunza Wanyama



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vyama na vikundi vya Matombo na sehemu nyingine za milima ya Uluguru ambako wanachama, hasa vijana na akina mama, wanafanya au wanakusudia kufanya kazi ya kutunza wanyama wa watu wenyewe wakiwa safarini. Kazi hiyo haihitaji mtaji mkubwa, wala haihitaji shamba. Lakini vikundi vingi vya namna hii huanza na wateja wawili au watatu, aghalabu jamaa wa wanakikundi, kisha husimama hapo hapo. Wanakikundi husema: "Watu hawatujui." Mara nyingi watu wanawajua. Wasilolijua ni jambo jingine, nalo ndilo kiini cha somo hili.

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, mwanachama aweze:
(a) kueleza kwa nini kazi ya kutunza wanyama haijitangazi yenyewe;
(b) kutaja ni nani wenye haja ya kazi hiyo na katika miezi gani;
(c) kuweka daftari la amana na kulitumia kuleta wateja wapya;
(d) kupanga bei isiyokiua kikundi.

1. KAZI YENYEWE

Kutunza mnyama wa mwenzio si jambo geni nchini mwetu. Katika Ugogo na Usukuma, mwenye ng'ombe wengi tangu zamani huwaweka baadhi yao kwa jamaa au rafiki. Mtunzaji hunywa maziwa na kutumia samadi. Ng'ombe pamoja na ndama hubaki kuwa mali ya mwenyewe. Huku Uluguru, ambako miteremko ni mikali, mali ya mifugo ni mbuzi wachache, kuku, bata, pengine nguruwe wawili, na mbwa wa kulinda nyumba na shamba. Ni wachache kwa idadi, lakini si wachache kwa thamani. Mbuzi wanne ni mahitaji ya mtoto anayekwenda shule ya bweni. Kuku kumi ni nauli na dawa siku ya ugonjwa. Mbwa ndiye anayezuia ngedere na nguruwe pori wasimalize mahindi. Mwenye nyumba akisafiri kwa siku 14 huiacha akiba yake nje, na akiba hiyo inakula, inakunywa, inaugua, na usiku inawindwa na kicheche.

Hapo huzuka swali ambalo kila kikundi kimekwisha kulisikia: "Kwa nini nilipe kazi ambayo jirani yangu huifanya bure?" Swali hilo ni la haki na lijibiwe kwa heshima. Jirani hutunza kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayana badala. Lakini jirani naye ana shamba lake na wagonjwa wake. Siku mbili atazimudu. Wiki mbili zitamwelemea. Na mbuzi akipotea mikononi mwake, mwenye mbuzi hawezi kumdai bila kuuvunja ujirani. Hunyamaza, na moyoni hubaki na kinyongo. Kikundi hupokea mzigo ambao ujirani hauwezi kuubeba: siku nyingi, hesabu ya wazi na dhamana ya fidia. Kwa hiyo kikundi kisishindane na ujirani. Yafaa kiweke kanuni kwamba safari ya usiku mmoja haitozwi, na kwamba mtu aliyefikwa na msiba hutunziwa wanyama wake siku 2 za kwanza bila malipo. Kanuni hiyo hugharimu kidogo, nayo huwaonyesha watu kwamba kikundi ni chao.

2. KWA NINI CHEMA HIKI HAKIJIUZI

Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni ya kweli sokoni. Ndizi mbivu hujiuza kwa sababu mnunuzi anaiona, anaishika na kuinusa. Lakini kazi ya kutunza wanyama hufanyika wakati ambapo mnunuzi hayupo. Mtunzaji aliyeamka alfajiri, akasafisha banda, akabadili maji na kuwahesabu kuku wote jioni, na mtunzaji aliyepita mara moja kwa siku tatu na kutupa pumba, wote wawili humkabidhi mwenye mali wanyama wanaofanana kwa macho, kama bahati iliwaangukia wote. Mwenye mali hana njia ya kumtambua aliye mwema. Naye akisimulia habari hizo kwa wengine, husema tu: "Walikuwa salama." Maneno hayo hayatoshi kumfanya mtu wa pili aikabidhi mali yake kwa watu asio na undugu nao.

Wanaushirika wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao mafundi wenye kipato kidogo, walifungua duka la siagi, sukari, unga na shayiri kwa mtaji wa pauni 28. Wakati huo wenye maduka wengi walichanganya vitu duni katika unga na kupunja mizani, na mnunuzi hakuweza kuona yaliyofanyika nyuma ya meza. Waanzilishi hao waliuza vitu safi kwa kipimo kamili, wakaweka vitabu vya hesabu ambavyo wanachama waliweza kuvikagua, na duka likapata maelfu ya wanachama. Wema wa duka ulikuwa umetolewa gizani na kuwekwa mahali pa kuonekana.

Vivyo hivyo katika maghala yetu: mkulima huridhika pale mazao yake yanapopimwa mbele ya macho yake na kuandikiwa stakabadhi. Kikundi cha kutunza wanyama nacho hakina budi kuwa na mizani yake na stakabadhi yake. Chema hujiuza, lakini hujiuza kikionekana.

3. DAFTARI LA AMANA

Mizani ya kazi hii ni daftari. Liwe na kurasa zinazoandikwa kwa karatasi ya kaboni, nakala moja ya mwenye mali na nyingine ya kikundi. Siku ya kupokea, mwenye mali na mtunzaji wasimame pamoja bandani, na mbele ya shahidi mmoja waandike:

(i) idadi ya wanyama, jinsia, rangi na alama za kila mmoja;
(ii) hali ya afya siku hiyo: anayechechemea, mwenye kidonda, mwenye mimba;
(iii) chanjo ya mwisho na tarehe yake;
(iv) chakula na dawa alizoacha mwenye mali;
(v) tarehe ya kuondoka na ya kurudi, na malipo;
(vi) namba ya simu ya mwenye mali, na jina la mtu wa kuamua badala yake asipopatikana;
(vii) mapatano juu ya mayai, maziwa na watoto watakaozaliwa.

Kifungu cha (vii) kisidharauliwe. Magomvi mengi hayatokani na kifo cha mnyama, bali na mayai. Kanuni nyepesi ni hii: mtoto aliyezaliwa ni wa mwenye mnyama daima, mayai huhesabiwa na kuandikwa kila siku, kisha hugawanywa kama walivyopatana.

Baada ya hapo mtunzaji huandika mstari mmoja kila siku: saa aliyofika, idadi aliyoikuta, walichokula, na jambo lolote lisilo la kawaida. Kama mwenye mali ana simu, apelekewe ujumbe mfupi au picha mara moja kila siku 2 au 3, kwa kadiri walivyopatana. Watunzaji wakumbuke kwamba katika mabonde mengi mawasiliano ya simu hukatika, na masika huharibu barabara za milimani. Basi wasiahidi ujumbe wa kila siku wakashindwa. Ahadi ndogo inayotimizwa hujenga jina kuliko ahadi kubwa.

Siku ya kukabidhi, wanyama wahesabiwe tena mbele ya shahidi, na mwenye mali aachiwe nakala ya kurasa zote za siku 14. Atazisoma. Jirani yake atakapomwuliza, hatasema tu "walikuwa salama". Atazitoa kurasa na kumwonyesha. Karatasi hizo ndizo tangazo lenye nguvu kuliko matangazo yote.

4. WATEJA WAKO WAPI, NA LINI

Kikundi kisipige mbiu kwa watu wote, bali kijiulize: ni nani husafiri, na huondoka lini? Kwa Matombo yako mafungu manne.

Fungu la kwanza ni watumishi: walimu, wauguzi, maofisa wa kata na vijiji. Wengi wao kwao ni mbali na hawana ndugu hapa wa kuwaachia mifugo. Walimu huondoka katika likizo za Juni na Desemba. Habari za kikundi ziwafikie mwezi mmoja kabla, wakati wanapopanga safari.

Fungu la pili ni wakulima wanaoteremka tambarare kulima na kuvuna mpunga, wakikaa dunguni siku nyingi kulinda ndege, huku nyumba ya mlimani ikibaki na wazee au ikiwa imefungwa. Hawa pengine hawana fedha taslimu kabla ya mavuno. Kikundi kinaweza kupatana nao walipe baada ya mavuno, au walipe kwa mpunga, ilimradi kipimo kiandikwe siku ya kwanza.

Fungu la tatu ni wazee na wagonjwa wanaokwenda kutibiwa Morogoro au kukaa kwa watoto wao Dar es Salaam. Safari zao hazina tarehe ya kurudi. Daftari liandikwe kwa wiki moja moja, na mtoto anayelipa apewe taarifa kila wiki.

Fungu la nne ni wenye nyumba au mashamba ya viungo huku milimani ambao wanaishi mjini. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na safari hiyo imekuwa nyepesi. Lakini mwenye shamba bado hawezi kuja kila siku kumpa mbuzi maji. Hawa huhitaji kazi ya mwaka mzima, nao ni wateja wa thamani kubwa. Ndio pia wanaodai hesabu kwa ukali zaidi, kwa kuwa wako mbali. Kikundi kisichokuwa na daftari kisiwakaribie.

Wakati huo huo kikundi kisitamani wateja wa mbali kupita nguvu zake. Mjini Morogoro mbwa wa kufugwa majumbani ni wengi, lakini mtu wa Matombo hawezi kupanda gari kila siku kwenda kumlisha mbwa wa mjini na kurudi akabaki na faida. Kila mtunzaji apewe nyumba anazoweza kuzifikia kwa miguu asubuhi na jioni.

5. NJIA ZA KUWAFIKIA

Njia ya kwanza ni mteja wa zamani. Siku ya kukabidhi, mtunzaji amwulize maswali matatu: Ni jambo gani limekupendeza? Ni jambo gani halikukupendeza? Ni nani unayemjua atakayesafiri hivi karibuni? Swali la kwanza hutia moyo, la pili hurekebisha, la tatu huleta mteja. Wengi huyauliza mawili ya kwanza na kulisahau la tatu kwa kuona haya. Pasiwe na haya. Mtu aliyeridhika hufurahi kumsaidia rafiki yake. Mteja akimleta mwenzake, apewe siku moja bila malipo katika safari yake ijayo, nayo iandikwe daftarini ili isisahauliwe.

Njia ya pili ni watu ambao wafugaji huwauliza mambo: ofisa mifugo wa kata na mwenye duka la dawa za mifugo. Kikundi kiwaonyeshe daftari na taratibu zake, kisha kiwaombe wawaeleze wafugaji wanaouliza. Wasipewe bakshishi. Ofisa akilipwa kwa kila mteja, neno lake hupoteza uzito, na kikundi hupata sifa ya kuhonga.

Njia ya tatu ni siku ya chanjo. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika kipindi hicho sehemu nyingi hufanya kampeni za kuchanja mbwa. Siku hiyo wenye mbwa hukusanyika mahali pamoja. Kikundi kijitolee kumsaidia ofisa mifugo kupanga foleni na kuandika majina. Watu watawaona vijana wakiwashika mbwa kwa utaratibu na upole. Huko ni kuonekana kwa kazi yenyewe, si maneno.

Njia ya nne ni mahali watu wanapokutana: siku za kupokea mazao ghalani, gulioni, na baada ya ibada kanisani na msikitini, kwa idhini ya viongozi. Tangazo liwe fupi na liseme mambo manne tu: kazi, bei, mahali pa kuwapata, na jina la mtu ambaye amekwisha kuhudumiwa na amekubali kuulizwa. Jina hilo la nne ndilo linalouza. Lisitajwe kamwe bila ruhusa ya mwenyewe. Wala tangazo lisitaje ni nani atakayesafiri na lini. Kutangaza nyumba tupu ni kuwaita wezi.

Katika daftari iongezwe safu moja: "Amepataje habari zetu?" Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, kwamba mwisho wa mwaka wateja 20 wamegawanyika hivi: 11 waliletwa na wateja wa zamani, 5 na ofisa mifugo, 3 waliona kazi siku ya chanjo, na 1 alisoma karatasi ukutani. Kikundi kitajua mwaka ujao nguvu ielekezwe wapi, na kitaacha kununua karatasi za ukutani.

6. BEI

Wengi hudhani kwamba mlango wa wateja wapya ni bei ya chini. Tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za kujifunzia. Kila kikundi kiweke za kwake.

Mwalimu anasafiri siku 14 na kuacha mbwa mmoja na kuku 12, pamoja na chakula chao. Bei ya kikundi ni shilingi 2,500 kwa siku.

Mapato: 2,500 x 14 = 35,000
Posho ya mtunzaji: 1,500 x 14 = 21,000
Sabuni, dawa ya kusafishia na salio la simu = 2,500
Akiba ya fidia, sehemu ya 10 ya mapato = 3,500
Jumla ya matumizi = 27,000
Ziada = 8,000

Sasa kikundi kinashusha bei hadi shilingi 1,700 ili kuvuta watu.

Mapato: 1,700 x 14 = 23,800
Posho ya mtunzaji = 21,000
Sabuni, dawa na simu = 2,500
Akiba ya fidia = 2,380
Jumla ya matumizi = 25,880
Hasara = 2,080

Wateja kumi kwa bei ya kwanza huleta ziada ya shilingi 80,000. Wateja kumi kwa bei ya pili huleta hasara ya shilingi 20,800. Maana yake, kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo kikundi kinavyozidi kuzama. Na kabla ya kuzama, mtunzaji ataanza kupunguza kazi: atakwenda mara moja badala ya mbili, ataacha kubadili maji. Bei duni haiishii kwenye kitabu cha hesabu, humfikia mnyama.

Tazameni pia akiba ya fidia. Kama mbuzi mmoja ana thamani ya shilingi 80,000, akiba ya shilingi 3,500 kwa kila kazi huhitaji kazi 23 ili kumlipa mbuzi mmoja aliyekufa kwa uzembe. Jioni moja ya kusahau kufunga zizi hula akiba ya kazi 23.

7. MAGONJWA NA SHERIA

Mtunzaji aendaye nyumba hadi nyumba anaweza kuwa ndiye mchukuzi wa ugonjwa. Kideri husafiri kwa viatu, vyombo, matenga na kinyesi, nacho chaweza kumaliza kuku wa kijiji. Kwa hiyo wanyama watunzwe kwao. Wasikusanywe pamoja nyumbani kwa mtunzaji. Mtunzaji anawe mikono na kuosha viatu kabla ya kuingia banda jingine. Kuku wapokewe wakiwa wamechanjwa. Chanjo ya kideri ya tone la jicho hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Homa ya nguruwe haina tiba, na wafugaji wetu hawana chanjo yake; anayetunza nguruwe wa nyumba moja asiingie banda la nguruwe la nyumba nyingine siku hiyo hiyo, wala asiwape makombo yenye nyama ya nguruwe.

Mbwa asipokewe bila cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtunzaji akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, tiba ya kumwokoa haipo.

Mtu asiyesajiliwa asijifanye daktari wa mifugo. Kazi ya mtunzaji ni kuona mapema na kutoa habari. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Kikundi kijikague kwa mambo matano: Je, mnyama ana njaa au kiu? Ana mahali pakavu pa kulala? Ana maumivu au ugonjwa? Ana hofu? Ana nafasi ya kuishi kwa tabia ya asili yake? Pia heshima ya dini itazamwe: mwanachama ambaye imani yake inamzuia kugusa nguruwe au mbwa asilazimishwe, apangiwe mbuzi na kuku.

Baadhi ya wanakikundi huogopa kwamba masharti haya yatawafukuza wateja. Yatamfukuza mmoja asiyetaka kuchanja. Lakini mfugaji mwangalifu akisikia kwamba kikundi kimekataa mbwa asiye na cheti, atajua kwamba banda lake nalo litalindwa.

8. MNYAMA AKIFA

Hata kikundi chema hufiwa na mnyama. Hapo ndipo jina hupatikana au hupotea, kwa kuwa neno "amekufa" masikioni mwa mwenye mali aliye mbali huelekea kuwa "ameliwa". Taratibu ziwe hizi: mwenye mali apewe habari saa ile ile, ofisa mifugo aitwe, mzoga usipasuliwe wala kuliwa, kwa maana kifo cha ghafula chaweza kuwa kimeta, ugonjwa unaoua watu pia, tukio liandikwe mbele ya mashahidi. Mnyama mgonjwa asichinjwe bila idhini ya mwenyewe au ya mtu aliyeandikwa katika kifungu cha (vi). Ikithibitika kwamba ni uzembe, kikundi kilipe bila kusubiri kushtakiwa. Ikithibitika kwamba ni ugonjwa, kikundi kisilipe, lakini kisidai malipo ya mnyama huyo. Kijiji kizima kitaifuatilia habari hiyo, na kikundi kilicholipa fidia kwa haki mbele ya watu hupata wateja ambao tangazo lisingewaleta.

9. KAZI YA KATIBU

Katibu wa chama asimwachie mtunzaji kila kitu. Mara moja kwa mwezi akague daftari la amana na akiba ya fidia, na mara moja kwa safari ndefu atembelee banda bila taarifa. Mwezi Desemba maombi yatakapozidi watunzaji, yeye ndiye wa kusema: "Tumejaa." Neno hilo ni gumu kwa kikundi kilicholia mwaka mzima kwa kukosa wateja. Lakini mteja aliyekataliwa kwa adabu hurudi mwaka ujao na kuomba mapema. Aliyepokewa, kisha akakuta mbuzi wake amekufa kwa kiu, harudi, na hutangaza.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika kijiji chenu, ni nani watakaosafiri mwezi ujao? Ni nani kati yao hawana ndugu wa kuwaachia wanyama?
2. Mtu anasema, "Jirani hunitunzia bure." Mtamjibuje bila kumdharau jirani?
3. Pigeni upya hesabu ya sehemu ya 6 kwa bei na posho za kwenu. Je, kuna ziada?
4. Mbuzi alipokewa akiwa mzima na akafa siku ya 9. Daftari lina mistari ya siku 5 tu. Mwenye mali anadai fidia. Kikundi kifanye nini, na kwa nini?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila kikundi kiandae ukurasa mmoja wa daftari la amana wenye vifungu vyote saba, kiutumie kwa mteja mmoja, kisha kiulete mkutanoni pamoja na majibu ya mteja huyo kwa maswali matatu ya sehemu ya 5.